Wadudu wa Kaseti ya Kijivu

Fundi wa televisheni mwenyewe anakubali kwamba Jumamosi ile mjinga alikuwa yeye. Alikifungua kioo cha mbele cha televisheni yake, akakifuta vumbi, akakiegemeza kabatini, halafu, kichwa kikiwa kimejaa ujuzi hadi kumbukumbu imekosa pa kukaa, akawasha gemu bila kukirudisha kioo.

Gemu lenyewe lilikuwa la zamani, la kaseti ya kijivu isiyokubali kazi mpaka ipulizwe. Chini ya skrini chombo kidogo kinateleza kushoto na kulia kikifyatua risasi. Juu, wadudu wa kijani wamejipanga mistari mitano. Wanakwenda upande, wanashuka hatua, wanarudi upande, wanashuka hatua. Fundi alikuwa akiwapiga tangu akiwa na meno ya utoto, na hakuwahi kuwauliza wanakwenda wapi.

Alicheza akimsubiri dada yake, fundi cherehani, amalize pindo, maana alikuwa na neno la kumwambia. Nyumba ile mama yao aliwaachia wote wawili. Mwaka wa kwanza Fundi aliweka meza ya kazi barazani, ya wiki moja tu. Mwaka wa pili meza ikaingia sebuleni. Wa tatu, chumba cha kushonea kikajaa spika. Dada akabaki na stoo: kitanda, cherehani, na dirisha la kutosha kichwa kimoja. Sasa Fundi aliitaka na stoo, kwa televisheni mbovu za wateja. Dada angepata kona ya jikoni. "Jikoni kuna joto zuri," alikuwa amepanga kumwambia.

Mstari wa kwanza wa wadudu ulipofika ukingoni mwa skrini haukukuta kioo. Wadudu wakashuka mezani, wakashuka zuliani, kila mmoja kama kifungo cha shati, na ule mlio wao wa tu, tu, tu, kama moyo wa mtu aliyelala. Fundi aliendelea kufyatua. Risasi zilipanda polepole hadi darini zikapasuka kama povu la sabuni, na sebule nzima ikawa kijani, kijani cha maji ya bwawa saa tisa mchana.

Wakavuka zulia, wakazipita spika, wakasimama mlangoni pa stoo.

"Hodi."

Dada alikuwa na pini mdomoni. Wakangoja.

"Hodi."

Akazitema pini kiganjani. "Karibuni. Mmetoka mbali?"

"Juu," akasema wa mbele. "Kwetu amehamia mtu. Alianza na mstari mmoja, wa wiki moja tu."

"Poleni. Mwangalie sindano."

Wakajipanga kwenye pindo la gauni, na mwenye gauni alipokuja kulijaribu aliuliza shanga zile zinauzwa wapi.

Fundi naye akaja na neno lake, akalisema lote, hata lile la joto. Dada alisikiliza huku akipitisha uzi kwenye sindano. Jumatatu televisheni nne zikaingia stoo, Jumanne sita. Kitanda kikasimamishwa ukutani. Jumatano cherehani ikahamia jikoni, na wadudu nyuma yake, mistari mitano, wakienda upande na kushuka hatua.

Ijumaa Fundi akaingia jikoni kutafuta chai. Akamkuta mdudu mmoja amekaa kwenye mshikio wa kikombe chake, anapumzika.

"Mdogo wangu, hawa wafukuze. Wewe huwajui, mimi nimepigana nao miaka thelathini! Leo pindo, kesho kikombe, keshokutwa nyumba nzima. Hawa ni wavamizi."

Dada hakusimamisha cherehani.

"Kaka," akasema, "hawa walipiga hodi."