Jiko Namba 0417

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumatano ya pili ya mwezi wa Februari, jiko namba 0417 katika kijiji cha Sabaki lilikuwa na joto la nyuzi arobaini. Halikuwa na moto.

Joto hilo lilipimwa na kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichofungwa chini ya jiko, ambacho kilituma hesabu yake Nairobi kila robo saa. Kampuni moja ya saruji ilikuwa imegawa majiko mia sita ya kuni chache, ili moshi utakaopungua vijijini uhesabiwe kuwa fidia ya moshi wa tanuri zake. Kompyuta ya kampuni iliagizwa kwamba joto lolote linalozidi nyuzi thelathini na saba ni mapishi. Kwa hesabu hiyo, 0417 lilikuwa limepika usiku na mchana kwa siku ishirini, likipumzika robo saa kila asubuhi. Hakuna jiko lililolikaribia katika mradi mzima.

Mwenye jiko, Kadzo Charo, alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Ndani mlikuwa na kuku.

Alilitumia mara mbili alipolipokea mwezi wa Oktoba. Lilisimama juu ya miguu mitatu myembamba, na sima ya watu wanane husongwa kwa nguvu. Mara ya kwanza sufuria ilimwangukia mumewe, Gona, mguuni. Mara ya pili ilimkosa Gona lakini sima yote ikaingia majivuni. Kadzo akarudi kwenye mafiga, na jiko likabaki kwenye kona ya banda la kupikia, mdomo wazi kama karai. Novemba Mto Sabaki ulifurika. Maji yalichukua mahindi, choo na kuku kumi na tisa. Alisalia tetea mmoja mweusi aliyekuwa amelala juu ya paa. Januari tetea huyo alilichagua jiko, akataga mayai kumi na moja, akaanza kuatamia.

Kadzo alitia kipande cha makaa katikati ya mayai ili radi isiyaharibu, kama alivyofanya mama yake. Kitu kingine hakukigusa. Kuku anayeatamia akihamishwa huyasusa mayai, na mayai hayo kumi na moja ndiyo kuku wote aliotarajia kuwa nao mwaka huo.

Saa tatu na nusu gari la mradi lilisimama uani. Alishuka Eugene Thuku, afisa wa mradi aliyekaa Malindi, pamoja na bosi wake kutoka Nairobi, Mwikali, meneja wa mazingira. Walikuja kumpiga picha Kadzo akipika, kwa ajili ya ripoti ya mwaka.

"Shikamoo mama," alisema Eugene.

"Marahaba mwanangu. Mbona waleta wageni bila kupiga simu?"

"Nilipiga jana. Alipokea mzee."

Gona alikuwa akichonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa. "Alisema waja kutazama jiko. Nikamwambia jiko lipo. Nimesema uongo?"

"Mama," alisema Eugene, "wewe ni wa kwanza kati ya watu mia sita."

"Kwa lipi?"

"Kwa kupika."

Gona aliweka panga chini ili acheke vizuri. "Huyu? Mimi jana nimelala na muhogo wa kuchoma!"

"Nyamaza wee mzee. Muhogo si chakula?"

Mwikali alitoa simu yake. "Mama, tunaomba uliwashe dakika tano tu. Uweke sufuria, tupige picha, twende zetu."

"Leo haliwashwi."

"Dakika tano."

"Hata moja. Rudini kesho kutwa."

"Kesho kutwa nitakuwa Mombasa."

"Basi mwaka kesho."

Eugene alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, niambie ukweli. Umeliuza?"

"Niuze kitu cha watu, mimi?" Kadzo aliondoka mlangoni pa banda kwa hasira. "Haya, ingia! Ingia ukalitazame!"

Eugene aliinama, akaingia gizani, akapeleka mkono kwenye jiko ili akague kidude. Kuku alimdonoa mara mbili. Alitoka akiwa ameshika kidole gumba.

"Lina makaa," alimwambia Mwikali, maana hayo ndiyo aliyoyaona kwanza kuku alipoinuka kumdonoa. "Na kuku."

Mwikali aliingia na tochi ya simu. Alikuwa amelelewa Makueni katika boma lenye kuku, kwa hiyo alichuchumaa mbali kidogo. Alisoma hesabu kwenye simu: nyuzi arobaini. Akamtazama kuku. Akaisoma tena.

"Leo ni siku ya ngapi?" aliuliza.

"Ya ishirini na moja," alijibu Kadzo.

"Madam," alisema Eugene, "tumtoe dakika tano tu, tumweke kwenye kapu—"

Kadzo aliokota mwiko wa sima. "Mguse."

"Mama, ni kwa ajili ya picha tu."

"Mguse uone. Kumi na tisa wamekwenda na maji. Huyu akiyasusa haya, nitaangua nini? Saruji yenu?"

Eugene alirudi nyuma hatua mbili. Sauti nyembamba ilisikika chini ya kuku. Gona alifika mlangoni na mpini wake mkononi.

"Kimelia," alisema.

"Twasikia," alisema Kadzo. "Usitie kiza."

Mwikali aligeuza ndoo, akaketi, akafungua fomu ya ukaguzi kwenye simu.

"Jiko lipo nyumbani?"

"Si hilo hapo!"

"Lipo. Joto, arobaini. Tangu lipate joto hili, limetoa moshi?"

Kadzo alifikiri, kwa kuwa aliulizwa kwa heshima. "Hata mara moja."

"Moshi, sifuri."

"Madam!" alisema Eugene.

"Wewe umeona moshi?"

"Sijaona."

"Basi." Swali lililofuata lilihusu aina ya nishati: kuni, makaa, gesi au nyingine.

"Makaa yamo," alisema Eugene.

"Hayawaki." Mwikali alichagua nyingine. Fomu ilimtaka ataje. Aliandika: kuku mmoja anayeatamia. Fomu ilikubali, ikamshukuru, ikajifunga.

Picha ilipigwa mlangoni. Kadzo alikataa kuuweka chini mwiko.

Kifaranga wa kwanza alitoka saa tano na dakika kumi, wageni wakiwapo. Kufikia Alhamisi jioni walikuwa wametoka kumi. Yai la kumi na moja lilikuwa viza.

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, tetea aliruka kutoka kwenye jiko na kuwaita wanawe. Kadzo aliwashusha mmoja mmoja hadi chini, akawahesabu, wakatoka uani wote kumi. Saa kumi na mbili na nusu jiko lilikuwa na nyuzi ishirini na saba.

Saa moja kamili ujumbe kutoka Nairobi uliingia kwenye simu ya Eugene: kaya namba 0417 imeacha kupika, afisa aende kuielimisha.