Nafasi Moja ya Kuvunja Kokoto

Kwenye geti la machimbo ya mawe, wasio na kazi walipanga vyombo vyao vya kazi badala ya kujipanga wenyewe. Kila mtu aliweka chake chini kandokando ya ukuta, kikamshikia nafasi, naye akaenda zake kuhangaika. Wa kwanza ulikuwa mwiko wa mwashi. Ya pili ilikuwa pasi ya mkaa ya Mama Pacha, aliyenyoosha kola za mashati miaka tisa mpaka kiwanda kikafungwa. Wa tatu ulikuwa muhuri wa karani wa benki, bwana mmoja ambaye bado alivaa tai ingawa benki yenyewe ilishakufa na kuzikwa. Nyuma yao kulikuwa na sufuria ya mpishi wa hoteli, mkasi wa kinyozi, kengele ya mwalimu, na vingine mpaka kwenye kona ya barabara. Mgeni angedhani kuna mnada.

Hakuna aliyeiba wala kusogeza kitu. Foleni ile iliheshimiwa kuliko ndoa nyingi za mtaa ule. Mama Pacha alipougua homa siku tatu, mwashi ndiye aliyesimama karibu na pasi yake akiwafukuza wenye tamaa. Mwashi alikuwa shemeji yake, mume wa wifi yake, mtu mpole mwenye viganja vya kukwaruza kama msasa.

Lakini nafasi ya shemeji ndiyo iliyomkosesha usingizi. Mume wa Mama Pacha aliondoka mwaka jana kwenda kutafuta kazi, na tangu hapo kimya, hata salamu. Ndugu wa mume wakakaa kikao nyumbani kwa Mama Pacha, wakanywa maji yake, kisha wakaamua kwamba Ijumaa jioni wifi atakuja kuwachukua wale pacha. Sababu ilikuwa moja tu: mwashi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nyumba yenye kazi ndiyo yenye chakula.

"Labda na wewe upate kazi kabla ya hapo," wifi alimwambia. "Ukipata, wanao ni wako, sina neno."

Ijumaa yenyewe ilifika. Asubuhi watu walijaa getini, kila mmoja amesimama nyuma ya chombo chake. Nyapara akatoka, kibanzi cha kuchokolea meno kikiwa mdomoni. Huyu alikuwa na kazi, na alipenda watu waione.

"Nafasi moja," alisema. "Kuvunja kokoto. Wa kwanza aingie."

Mwashi akainama kuchukua mwiko wake. Karani akapaza sauti nyembamba, "Mkuu, huyo mwongo! Huo mwiko jana ulikuwa wa tano. Ameusogeza!"

Ulikuwa uzushi mtupu. Karani hakuwa na shabaha nyingine ila kuvuruga foleni, apenye katika vurugu. Nyapara akamtazama mwanamke aliyekuwa wa pili.

"We mama, kweli ameusogeza?"

Mama Pacha aliwaona akilini wanawe wakivuka mlango, kila mmoja na kifurushi chake. Aliujua ukweli kama anavyojua jina lake. Aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini aibu haikumzuia.

"Ndiyo," alisema. "Ameusogeza."

"Shemeji!" Mwashi aligeuka, mdomo wazi. "Shemeji, mimi?"

Mpishi alimtandika kwa sufuria kisogoni, na hapo foleni ikafa. Kila mtu aliokota chombo chake, na chombo cha kazi ni chombo cha kazi, hakichagui kazi. Kinyozi alimchoma mwalimu begani kwa mkasi. Mwalimu, mama wa watu aliyefundisha hesabu miaka ishirini, akamvunja meno kwa kengele, ikawa inalia kila ikitua. Karani alivutwa tai mpaka macho yakamtoka, akaburutwa kwenye kifusi akipiga mateke. Walioangushwa walikanyagwa, na waliokanyaga hawakutazama chini.

Mwashi, damu ikimtiririka shingoni, alifika getini kabla ya wote. Akashika nondo za geti kwa mikono miwili, akang'ang'ania. "Mimi ndiye wa kwanza!" alilia. "Jamani, mnanijua!"

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siku ile lilikula likakwisha, likalamba na sahani.

Mama Pacha aliinua pasi akaishusha kwenye vidole vya shemeji yake. Mara ya kwanza angeweza kusema alisukumwa. Mara ya pili alilenga. Mara ya tatu alisikia mifupa ikivunjika juu ya chuma, na mkono wa kulia ukaachia. Akaupiga na wa kushoto. Mwashi aliporomoka akiwa amekumbatia mikono yake kifuani, akitoa sauti ambayo Mama Pacha hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Yeye akamruka.

Nyapara alifungua geti upenyo wa mtu mmoja, akamvuta ndani, akapiga komeo.

"Jiwe haliulizi mwanamume wala mwanamke," alisema akicheka. "Linauliza mkono. Huo wako nimeuona."

Akapewa nyundo. Alivunja kokoto mchana kutwa bila kuinua kichwa. Nje kelele zilipungua polepole, kisha zikasikika kelele za wanaobeba majeruhi.

Jioni alirudi nyumbani na unga na mafuta, akawakuta pacha wamekaa kitandani, nguo zao zimeshafungwa. Alifungua vifurushi kwa haraka kama mtu anayezima moto. "Hamwendi popote," aliwaambia. "Mama amepata kazi." Akawasha jiko, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi alifurahi. Alijichukia kwa furaha hiyo, lakini aliendelea kukoroga.

Wifi hakubisha hodi. Aliingia, akamnasa kofi, akamnasa la pili, akamshika nywele akamgonga kichwa ukutani. Mama Pacha hakujikinga. Pacha walipiga mayowe.

"Hospitali wamemkata vidole sita," wifi alisema, akihema. "Sita! Mwashi wa vidole vinne, atashika nini? Aliilinda pasi yako ukiwa kitandani, wewe!"

"Wifi, nilikuwa..."

"Usiniite wifi."

Akatoka mlangoni, akarudi akiwasukuma mbele yake watoto wake watatu, kila mmoja na shuka lake begani. "Nilikuwa nije kuchukua wawili," alisema. "Sasa nakuachia watatu. Kazi ya baba yao unayo wewe. Walishe." Akaondoka bila kuwaaga, maana angewaaga asingeweza kuondoka.

Mama Pacha alijifuta damu puani. Chakula kilikuwa cha watu watatu. Akakigawa mafungu sita, akawaita. Watoto wa wifi, wale wadogo wawili, walikuja, njaa ikiwasukuma. Mkubwa wao alibaki mlangoni. Mama Pacha akamwendea, akanyoosha mkono amshike bega, na mtoto akaficha vidole vyake vyote kwapani.