Pengo Kwenye Mdomo wa Kombe

Miaka kumi na tisa nimesafisha makombe ya konokono wa baharini katika stoo ya chuo, na sheria ya stoo ni moja: kombe halitengani na kikaratasi chake cha jina. Daktari wetu mpya, daktari wa viumbe, si wa sindano, aliyatoa yote kwenye visanduku ili ayapige picha, kisha akayarudisha kwa kufuata rangi. Rangi! Utadhani anapanga vifungo vya shati.

Sasa bango lake lilikuwa mezani, likisubiri kwenda kwa mpiga chapa mchana huo. Juu limeandikwa: WANALIWA. Ni la kuwaelekeza kina mama wanaookota konokono miambani maji yakipwa, na dada yangu ni mmoja wao. Picha ya tatu ilinikata maini.

"Daktari, huyu haliwi. Ana mwiba wa sumu, anaua mtu."

"Mama, kikaratasi kinasema analiwa."

"Kikaratasi umekihamisha wewe! Tazama mdomo wa kombe. Anayeliwa ana pengo dogo hapa ukingoni, ndipo anapochungulia kwa jicho. Huyu mdomo wake umenyooka toka juu mpaka chini. Pengo liko wapi?"

Hata hakutazama. "Mama yangu, wewe kazi yako kupangusa vumbi. Kutambua niachie mimi."

Damu ilinichemka. Vumbi hilohilo ndilo lililonifundisha. Nimepitisha brashi kwenye mdomo wa kila kombe mle ndani tangu yeye hajui kufunga kamba za viatu. Amesoma, sikatai, lakini sumu haiulizi shahada.

Heshima nikaiweka kando. Nikamshika kiwiko, nikamvuta mpaka chumba cha pili, kwenye tangi la maji. Mlikuwa na konokono wawili hai walioletwa na wanafunzi asubuhi ile, gamba lao lilelile la picha ya tatu.

"Si analiwa? Haya, mtoe kwa mkono."

Akakunja mkono wa shati mpaka kiwikoni. Vidole vikafika juu ya maji, vikasimama. Akainama, akautazama ule mdomo kwa mara ya kwanza, juu mpaka chini, akatafuta pengo asilione.

"Nipe kibano," akasema taratibu.

"Dada yangu hana kibano."