Mashine ya Mama Bado Imelazwa

Mume wangu ni mpima ardhi, na kama wenzake wengi anaamini kwamba kitu akishakipima kimekuwa chake. Ndivyo alivyoichukua mashine ya gemu ya mama yangu. Aliikuta sebuleni kwa Mama, chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaipindua, akasoma namba zilizo tumboni mwake. Uso aliokuwa nao nimeuona mara moja tu kabla ya hapo, na siku hiyo alikuwa ananiposa mimi.

"Mama," akasema kwa heshima zote, "hii imejaa vumbi. Niazime nikaisafishe, nitakurudishia."

Mama akampa. Mkwe akiomba mwenyewe, tena mbele ya mwanao, utamnyimaje?

Mashine haikurudi. Badala yake alimnunulia Mama nyingine mpya, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye magemu maelfu kwa maelfu ndani yake. Mama alishukuru sana, akaitumia kuzuia dirisha la jikoni lisijifunge. Tangu hapo, kila akinipigia simu, akishamaliza kuuliza hali za watoto, aliuliza, "Na mgonjwa wangu je? Bado amelazwa?"

"Bado, Mama."

"Hospitali gani hiyo isiyoruhusu mtu kutoka?"

Nilirudi kwenye habari za watoto, kwa sababu ukweli ungeniaibisha mimi niliyeolewa huko. Ukweli ni kwamba mume wangu yumo katika chama cha wanaume wazima wanaosikiliza muziki wa magemu ya zamani. Nasema wanaosikiliza. Kucheza hawachezi. Wanakusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wanafunga mapazia, wanawasha mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kisha wanafumba macho. Baada ya muda mmoja anasema, "Besi ya hapa ina nyama," na wengine wanaguna kukubali. Sheria yao kuu ni kwamba sauti itoke ndani ya mashine yenyewe, kwenye chipu yake iliyozaliwa nayo. Muziki uliorekodiwa kwao ni najisi. Kuna mwanachama aliyewahi kuwachezea wimbo kutoka kwenye simu, na hadi leo hawamtaji.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, nilipokuwa bado nakubali kila kitu, aliniketisha akanifundisha. Chipu ile ina sauti tatu tu, na mchakacho mmoja kama wa mvua juu ya bati. Watunzi wa enzi hizo hawakupewa zaidi ya hapo, na kwa hizo walitakiwa kutengeneza tarumbeta, ngoma, bahari na woga. Sauti mbili zinabeba wimbo, ya tatu inashika chini, na mchakacho unakatwakatwa mpaka uwe ngoma. Isitoshe, shujaa akiruka, mlio wa kuruka unaiba sauti moja, na wimbo unachechemea hadi atue. "Maskini walikuwa wanatunga huku wanaibiwa," aliniambia, na macho yake yalilengwalengwa na machozi kweli. Sitadanganya, nilianza kuupenda muziki ule. Sijamwambia mpaka leo, maana mwanamume hapewi kila kitu.

Sasa mashine ya Mama ilikuwa ya toleo la kwanza kabisa, kabla watengenezaji hawajabadilisha chipu ili wapunguze gharama. Sauti yake ya chini ilikuwa nzito kuliko ya zote walizonazo chamani. Mume wangu alivimba kichwa. Akawatangazia wenzake kwamba wimbo wa hatua ya mwisho, ukitoka kwenye mashine ile, utausikia kwa nyayo.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia kutoka humo. Wimbo wa hatua ya mwisho unapigwa kwenye hatua ya mwisho, na hatua ya mwisho hufiki mpaka uzipite zote zilizotangulia. Mume wangu anajua kazi ya kila mguu wa chipu ile, lakini hatua ya pili ina daraja lenye popo, na daraja hilo hajawahi kulivuka. Vikao vyote vilivyofanyika kwetu viliishia hapohapo. Kila shujaa wake alipokuwa anaelekea kutumbukia mtoni aliizima mashine haraka na kusema imepata joto, tuipumzishe.

Mwenyekiti wa chama, daktari wa meno, alichoka na joto hilo. "Jumapili ijayo tunakuja kwako," alimwambia. "Tunataka hatua ya mwisho. Kama mashine ni mgonjwa, sema, mimi nina mtu wa kuinunua."

Wiki ile nyumba yetu haikukalika. Mpima ardhi mzima alikuwa akitoka kazini anakaa chini sakafuni bila hata kuvua viatu, anapigana na popo. Siku moja nilimkuta amejifunga plasta kwenye kidole gumba, amekunja uso kama mtoto aliyenyimwa.

"Kuna mtu mmoja anayeweza," nikamwambia.

Alijua ninamsema nani. Aliitazama plasta yake. "Mama yako?"

"Mama yangu."

Mashine ile ilikuwa ya marehemu baba. Baba alikuwa fundi cherehani, na aliiweka kwenye kibanda chake cha kushonea, nyuma ya nyumba, pamoja na televisheni ndogo, akidai ni ya kuwatuliza watoto wa wateja. Alipofariki, Mama aliihamishia sebuleni. Wakati huo ndio kwanza alikuwa amestaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga chapa ofisini, na vidole vyake vilikuwa vimerudi nyumbani bila shughuli. Akaanza kucheza kila alasiri akishaanua nguo. Televisheni ya sebuleni spika yake ilikuwa imekufa tangu enzi za Baba, ambaye kila siku alisema ataitengeneza kesho. Kwa hiyo Mama alijifunza gemu lote kwa macho, kimyakimya, kama alivyokuwa akinakili barua za wakubwa bila kujali zinasema nini.

Tulikwenda kumwomba. Mimi hakuna aliyenialika, lakini siku kama hiyo singeikosa. Mume wangu alikaa kwenye ncha ya kiti, akatoa shikamoo, akauliza habari za miguu, akauliza habari za majirani, akasifia dirisha la jikoni jinsi linavyoingiza hewa.

"Mwanangu," Mama akasema, "umekuja kuniambia nini?"

Akaeleza. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo unataka nije nicheze gemu mbele ya wanaume wazima."

"Ndiyo, Mama."

"Gemu langu, kwenye mashine yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Nikikufikisha huko mwisho, mgonjwa wangu anaruhusiwa siku hiyohiyo. Nitampakata mwenyewe kwenye gari."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambalo lilikuwa zuri sana siku hiyo.

"Ataruhusiwa, Mama," akasema.

Jumapili wakaja. Daktari wa meno alivaa tai. Mwanachama mwingine, mwalimu wa udereva, alileta spika zake mwenyewe, akazifunga kwa waya nene kama kamba ya kuanikia nguo. Wakafunga mapazia, wakakaa, wakafumba macho. Mama aliingia na mkoba wake na miwani ya kusomea. Aliukataa mto uliowekwa sakafuni, akaletewa kiti cha mezani.

Akaanza. Shujaa wake alitembea hatua chache, akaingia shimoni. Akaanza tena, akagongwa na jiwe. Mara ya tatu hata jiwe halikufika, alijitumbukiza mwenyewe. Mume wangu alianza kulowa jasho. Mwenyekiti alifumbua jicho moja.

"Hizi kelele ni za nini?" Mama akauliza.

"Ndio muziki wenyewe, Mama."

"Zimeni. Sioni vizuri nikipigiwa kelele."

Nilitoka kidogo nikacheka jikoni, nikarudi. Waungwana wale walioacha familia zao ili waje kusikiliza walikuwa wamekaa katika kimya cha msiba, wanamwangalia bibi wa watu akicheza gemu bubu. Ila macho sasa yalikuwa wazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya chama. Mama alilipita daraja la popo kama anavyopita uani kwake kwenda kuanua nguo. Mwalimu wa udereva alianza kuinama kulia shujaa akienda kulia, na kushoto akienda kushoto. Mume wangu alishika rimoti kwa mikono miwili.

"Mlango huo," Mama akasema hatimaye. "Baada ya hapo ni jitu tu."

Mume wangu akapandisha sauti.

Uliingia kwanza ule mguno wa chini, na kweli niliusikia kwa nyayo. Halafu zile sauti mbili zikaja juu yake zikifuatana, moja inauliza, nyingine inachelewa kujibu. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wa mtu aliyetembea sana na bado hajafika. Nikahisi naujua. Nilikuwa bado najiuliza nimeusikia wapi nilipoona vidole vya Mama vimesimama. Jitu likainua rungu, likampiga shujaa, shujaa akalala, na muziki ukakatika. Chama kizima kikaguna.

"Huo wimbo wangu," Mama akasema.

"Hapana, Mama," mume wangu akasema kwa upole wa mtaalamu. "Huu ni wa hatua ya mwisho. Ulitungwa na..." Nikamkanyaga mguu.

"Ni wangu. Baba yake huyu alinitungia. Alikuwa akiupiga mluzi kwenye cherehani. Nikamuuliza, wimbo gani huo, akaniambia ni wako, nimekutungia mwenyewe."

Hapo nikakumbuka. Nikamwona Baba ameinamia kitambaa, sindano mdomoni kwenye pembe moja, mluzi unatokea pembe ya pili. Akifika kwenye kona ya mshono alikuwa akisimamisha mluzi, akaigeuza nguo, ndipo akaendelea.

Daktari wa meno ni mtu asiyeweza kuliacha jino bovu mahali pake. Akakohoa. "Samahani, Mama, lakini wimbo huu uko katika kila kaseti ya..." Akamtazama Mama, akaishia hapo.

Mama alikuwa ameshaelewa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaitazama skrini. "Kumbe alikuwa anacheza," akasema polepole. "Nilikuwa nampelekea chai kule kibandani, namkuta ameshika nguo ya mtu, eti kazi zimembana." Mabega yake yakaanza kutikisika, na mume wangu akanyanyuka akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaomba maji. "Mwongo mkubwa yule," akasema. "Miaka yote ile nimejidai mimi ni mke niliyetungiwa wimbo. Nimewatambia hadi mashoga zangu wa ofisini." Mimi ndiye niliyekuwa nalia, wala sikujificha.

Akarudisha glasi. "Zima sauti," akamwambia mkwe wake. "Tunaanza upya."

Hakuna aliyethubutu kuangalia saa. Akayapita yote tena, mashimo, mawe, popo, mlango. Lakini safari hii alipoingia kwa jitu hakupigana nalo. Alimtembeza shujaa mpaka kona ya kushoto, penye nguzo iliyovunjika, akamsimamisha hapo. Jitu likarusha rungu, likakosa. Likarusha tena, likakosa.

"Hapa halifiki," Mama akasema. "Ndipo ninapopumzishia vidole." Akaiweka pedi ya kuchezea mapajani. "Haya, fungulia."

Ukapigwa. Shujaa hakuruka wala hakupiga, kwa hiyo hapakuwa na mlio wa kuiba sauti yoyote. Sauti zote tatu na mchakacho wake zilikuwa mahali pake, wimbo ukafika mwisho, ukarudi mwanzo bila kuonyesha mshono. Niliwatazama wale wataalamu. Walijua kila kitu juu ya wimbo ule, lakini walikuwa hawajawahi kuusikia mzima kutoka kwenye mashine ya kweli, kwa sababu kila anayefika kwa jitu huwa ana vita. Hakuna aliyesema besi ina nyama.

Mgonjwa aliruhusiwa jioni hiyohiyo. Mume wangu alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari, amemfunika kitambaa chake cha kufuma, na Mama akampakata njia nzima. Kesho yake mume wangu alikwenda kwake na vifaa vyake akaitengeneza spika ya televisheni, bila kuombwa.

Ndipo shida mpya ilipoanza. Spika ikiwa nzima, Mama haivuki hata hatua ya kwanza, na akianza kimya, anadai akifika mlangoni hana mkono wa tatu wa kupandisha sauti. Kwa hiyo kila Jumapili mume wangu huenda kwa mama mkwe wake, hukaa kwenye ncha ya kiti na rimoti mkononi, husubiri kuitwa. Chamani haendi tena. Mwenyekiti aliomba naye aje siku moja, Mama akamjibu kwamba viti ni viwili.

Jumapili iliyopita niliwafuata. Nikawakuta wamekaa, shujaa yuko konani kwake, jitu linahangaika, wimbo unazunguka. Zamani, kwenye kimya, Mama alikuwa akiliua jitu lile kila alasiri kabla ya kuingia jikoni. Nikamuuliza kwa nini siku hizi haliui.

Hakugeuka kunitazama.

"Nikiliua," akasema, "baba yako ananyamaza."