Jina la Mama Umi

Mwalimu Mansuri hakuwahi kulitamka jina la mkewe mbele ya wanaume. Barazani alisema "nyumbani", na alipobanwa sana alisema "Mama Umi", kwa jina la binti yao. Warda lilikuwa jina la ndani, na la ndani lilikuwa lake peke yake.

Kisha chama kilimteua mkewe kugombea ubunge wa jimbo, na jina likatoka nje. Lilibandikwa ukutani Kilindoni. Lilitangazwa kwa kipaza sauti juu ya bajaji. Vijana wa Utende wakalitungia wimbo. Aliyemkera kuliko wote ni Edwin, meneja wa kampeni, kijana wa bara, ambaye kila asubuhi alisimama mlangoni na kuita, "Warda, tumechelewa," pasipo hata kutanguliza Bi. Naye aliyeitwa aliitikia kwa sauti nyepesi ambayo Mansuri aliidhania kuwa ni ya kwake yeye tu.

"Akikuita mheshimiwa atapungukiwa na nini?" aliuliza siku moja.

"Jina ndilo litakalokuwa kwenye karatasi ya kura, Mwalimu. Waache walizoee."

"Wanalizoea mno."

Warda hakubishana. Alimwomba aende Bweni, kaskazini mwa kisiwa, kwa ndugu wa mama yake Mansuri, akawaombee kura wazee wasiopenda kuhutubiwa na mwanamke, akamfungashia na mabango. Mansuri alikwenda. Mabango yenye picha aliyaacha nyuma ya kabati, kwa kuwa hakuona sababu ya wanaume wa kaskazini nao kuutazama uso ule. Alisimulia, kwa ufasaha, jinsi Mama Umi alivyowapigania wakulima wa mwani wakapata bei ya haki. Wazee wakaridhika.

Baadaye Edwin alipeleka bajaji huko, akazomewa, akarudi amenuna. Mansuri alifurahi kimoyomoyo. Warda hakufurahi. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na pasipo kura za Bweni asingeshinda. Akamtuma tena mumewe, aulize kuna nini.

Mzee Muhidini, mkubwa wa baraza, alimpisha mkekani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama Umi hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Mwambie Bweni yote ni yake. Mwanamke mwenye haya: anagombea, na hatujamwona hata ukucha. Si kama huyo mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Warda. Bajaji yake tumeifukuza. Anapanda majukwaani, anazunguka na kijana wa bara. Mumewe sijui ni mwanamume wa namna gani."

"Huenda hana," alisema Bi Kidawa, aliyekuwa akikuna nazi kando. "Mwenye mume angetosheka na viti maalumu."

Baraza likacheka, Mansuri naye kwa adabu.

Mansuri akaelewa. Wazee wangelitafuta jina la Mama Umi kwenye karatasi, wasilione, na kura yao wangempa yeyote asiyekuwa Warda. Angenyamaza tu, mkewe angeshindwa. Bajaji zingetulia, Edwin angerudi kwao, na jina lingerejea ndani. Kwa kitambo aliliwaza jambo hilo, na lilikuwa tamu. Lakini maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kuliacha ubaoni jibu alilojua ni la uongo, na hili alikuwa ameliandika kwa mkono wake.

"Huyo ndiye Mama Umi," alisema.

Bi Kidawa aliacha kukuna.

"Nani?" aliuliza Mzee Muhidini.

"Warda. Warda Abubakari. Mke wangu."

"Basi huyo mume ni wewe."

"Ni mimi."

"Kumbe wa namna hii," alisema Bi Kidawa, akarudia nazi yake.

Baraza likacheka tena, na safari hii Mansuri hakucheka hata kwa adabu. Mzee Muhidini alilisema jina polepole, kama mtu anayeonja tende asiyoijua. "Warda. Jina zuri. Mwanamke aliyeipandisha bei ya mwani, tukamzomea! Umetukosesha, Mwalimu. Haya, litaje tena tulishike. Vichwa vyetu ni vigumu."

Mansuri alilitaja tena, majina yote mawili. Wanaume wakalirudia mmoja baada ya mwingine, wengine wakitabasamu, na kila kinywa kilichofunguka kilimchoma upya.

Wawili walisema "Wada". Aliwasahihisha kwa ukali, mpaka wakalipata.