Ngoja Nimalize

"Gurudumu limeng'oka, mwalimu," bibi akajibu, kabla mjukuu wake hajafumbua mdomo.

Tulikuwa tumekaa watatu kwenye viti vya watoto, magoti yakigonga meza, na katikati yetu gari la plastiki lenye magurudumu matatu. Swali nilimuuliza mtoto. Nilimlenga kwa macho, nikamlenga na kwa kidole. Hata hivyo jibu lilitoka pembeni, alikoketi bibi na mkoba wake mapajani, akitabasamu kama mwanafunzi aliyepata vema.

"Bibi, naomba tumwachie mwenyewe."

"Haya. Nimenyamaza."

Nikarudia: gari limefanya nini? Mtoto akaliangalia, akaniangalia mimi. Midomo ikaanza kujiweka sawa.

"Si umwambie mwalimu limeharibika," bibi akamnong'oneza.

"Limeharibika," mtoto akasema.

Miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watoto waliochelewa kusema. Wengi wao maneno walikuwa nayo. Kilichowashinda ni kuyaunganisha. Binti huyu alikuwa anakaribia miaka saba na bado alizungumza kwa vipande: "Maji baridi." "Kiatu hakuna." Njia ya kumsaidia si ngumu kuieleza. Akisema kiatu hakuna, unamrudishia sentensi yake ukiwa umeinenepesha kidogo: "Kiatu hakuna kwa sababu umekiacha nyumbani." Halafu unanyamaza. Unasubiri aijaribu. Walimu vijana ninaowafundisha siku hizi huniuliza wasubiri kwa muda gani, nami hukosa la kuwaambia, maana mle chumbani sikuwahi kupata hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Nilijaribu kumtoa bibi nje. Mtoto akajikunja chini ya meza, akagoma kutoka mpaka mlango ulipofunguliwa. Nikajaribu kumpa bibi picha za kupanga. Akazipanga chapuchapu, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kujibu. Kuna siku niliomba udhuru, nikajifungia chooni, nikafungua bomba lote nisikie kelele isiyokuwa yangu. Kilichonikera zaidi ni kwamba sikuweza kumchukia. Alimlea mtoto huyo tangu hajaanza kutambaa, mama mtu akiwa kazini ng'ambo, na alikijua kikohozi chake kabla hakijatoka.

Muda nao ulikuwa unatukimbia. Shule ya karibu na kwao haikupokea mtoto wa darasa la kwanza bila usaili, na mwaka uliotangulia walikuwa wamemrudisha. Akirudishwa tena, angebaki chekechea na watoto wanaomfikia begani.

Siku ya usaili niliomba niingie nao. Mwalimu mkuu, mwanamke nadhifu ambaye koridoni kwake kulikuwa na foleni ya wazazi, aliilaza kalamu yake sambamba na ukingo wa meza.

"Kwa nini unataka kusoma hapa?"

Feni ikazunguka. Nikaiona midomo ya mtoto ikijiweka sawa, nikajua kwamba safari hii kuna jambo liko njiani.

"Anapenda sana kuandika," bibi akasema. "Yaani hata ukuta wa nyumbani..."

"Bibi, ngoja nimalize," mtoto akasema, "kwa sababu wewe ukisema, mimi nasahau nilichotaka kusema."

Sentensi ndani ya sentensi, na zote zimeshikana, wala hakuna aliyemkopesha hata neno. Bibi aliukumbatia mkoba wake.

"Vizuri," mwalimu mkuu akasema, huku akiandika. "Lakini hajajibu swali."

"Mwalimu, hiyo sentensi aliyoisema..."

"Nilimuuliza swali moja tu. Na wenzake wanasubiri nje."

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, sauti ikipanda, maneno yakigongana. Mimi niliyelipwa kufundisha watu sentensi ndefu, pale ofisini sikumaliza hata moja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamwita mtoto aliyefuata.

Tulitembea mpaka getini. Nilikuwa na hasira ya kuweza kung'oa lile geti. Bibi alikuwa kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ndipo simu ikalia ndani ya mkoba wake. Akaitazama, hakuipokea.

"Mama yake huyo, anataka matokeo," akaniambia taratibu. "Mwalimu, ndiyo maana huwa namsemea. Mtoto akikaa kimya kwenye simu, mwenzake huko analia. Anadhani ameshasahauliwa."

Simu ikaendelea kulia. Mwishowe akaipokea, akasema, "Huyu hapa, mwenyewe," akamkabidhi mjukuu wake.

Mtoto akaiweka sikioni. Hakusema kitu. Kutoka mle ndani nilisikia sauti ndogo ya mwanamke ikiita, ikinyamaza, ikiita tena. Bibi alifumba macho. Na mimi, baada ya miezi yote ile ya kumlalamikia, nilihisi jibu zima limenijaa mdomoni, ikabidi niume ulimi.

"Mama," mtoto akasema, "wamenikataa, lakini mimi nilikuwa bado nafikiri."

Akanyamaza, akatafuta neno linalofuata. Tukamwacha atafute.