Jiwe Jeupe la Inishdarra

Attracta alishuka kisiwani kutoka kwenye boti ya watalii akiwa ameshikwa mkono na Malachy, mwenye boti na mtoto wa kaka yake.

"Shika kofia, shangazi. Upepo wa huku hauna adabu."

"Kwani mimi ninayo? Niachie mkono."

Tangu ujana wake alikuwa akikitazama kisiwa hiki kutoka dirisha la jikoni, asithubutu kuvuka. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya kubatizwa, na padri akamfungia lango la makaburi. Kufungia lango kichanga! Na padri huyohuyo leo amelala kanisani, chini ya marumaru. Basi Tadhg, mumewe, alimpakia mwanawe kwenye mtumbwi, ndani ya sanduku la chai, akaja kumzika huku pamoja na vichanga wengine wa pwani nzima waliokataliwa. Mama hakuruhusiwa kwenda, wala kulia mbele za watu. Tadhg alilitaja jambo hilo mara moja tu, akikata roho: "Nilimwekea jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu, lile la kizingitini kwetu."

Leo Attracta alitaka kuligusa tu. Basi.

Nyuma ya magofu ya nyumba ya kale ya watawa alisimama kama aliyepigwa kofi. Minara ya mawe, kila mahali, na watalii wamechuchumaa wakipanga jiwe juu ya jiwe, wakipigana picha.

"Mnara mrefu kuliko yote unapata bia ya bure!" Malachy alipaza sauti. "Dada, hilo jeupe liweke juu, lipendeze!"

Lilikuwa na mshipa mwekundu.

"Malachy." Attracta aliinyooshea minara kidole. "Mawe haya mmeyatoa wapi?"

"Yalikuwa yamezagaa tu majanini, shangazi. Kila msimu wageni wanajenga, wanabomoa..."

"Yamezagaa? Kila moja ni mtoto wa mtu, mpumbavu we! Hilo ni binamu yako!"

Vicheko vilikatika. Mtalii aliyekuwa ameshika lile jeupe alimkabidhi Attracta. "Nimelikuta kwenye mnara ulioanguka," alinong'ona.

"Naapa, shangazi, nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia."

Kweli hakuna. Waliowanyamazisha akina mama walifanya kazi yao vizuri mno.

Attracta alilikumbatia jiwe, akageuka huku na huku. Majani yalifanana kote.

"Jiwe ninalo," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

Malachy alivua kofia, akapiga magoti, akaanza kupapasa ardhi.